Kamusi ya Misimu ya Green: chombo cha lazima kwa mtafsiri wa filamu

Kazi yangu ni kuandika tafsiri za Kiswahili chini ya filamu za Kimarekani, na hakuna neno linalonisumbua kama dude, ambalo Wamarekani hulitamka "duud" (halina undugu na dude letu). Wenzangu wengi huweka "mshikaji" na kusonga mbele. Kwa filamu ya vijana wa California, sawa. Lakini mtu wa New York ya 1883 akiitwa dude, "mshikaji" inaharibu mandhari nzima.

Ndiyo maana naipenda kamusi ya misimu ya Kiingereza, yaani maneno ya mitaani, ya Jonathon Green (Green's Dictionary of Slang). Ilitoka 2010 ikiwa majuzuu matatu mazito; siku hizi iko mtandaoni, na tangu 2018 inasomwa bure. Chini ya kila maana kuna nukuu zenye mwaka, zimepangwa kuanzia ya zamani zaidi, kwa hiyo unaliona neno likigeuka mbele ya macho yako.

Na dude limegeuka kwelikweli. Januari 1883 gazeti la The World la New York lilichapisha shairi la Robert Sale Hill kuhusu dude, na neno likavuma: kijana wa mjini, suruali ya kubana, sigara mdomoni, anajifanya Mwingereza. Sharobaro kabisa! Watafiti Barry Popik na Gerald Cohen wanalihusisha na Yankee Doodle, yule wa wimbo aliyechomeka unyoya kofiani. Huko magharibi likawa jina la mgeni wa mjini anayekwenda ranchi kuonja maisha ya wachunga ng'ombe. Baadaye vijana weusi na wenye asili ya Meksiko wakaitana hivyo, kisha wateleza mawimbi wa California. Kejeli ikafifia, likabaki la kuitana marafiki.

Urban Dictionary, kamusi ya misimu ya mtandaoni aliyoianzisha Aaron Peckham mwaka 1999, naifungua kwa misimu iliyozuka juzi. Asili ya neno siitafuti huko, kwa sababu yeyote anaandika na wasomaji wanapiga kura. Ushahidi si sharti. Watoto wa shule Marekani husimuliana kwamba dude ni singa ya matakoni mwa tembo, na porojo kama hiyo huenea kirahisi pasipo na tarehe wala chanzo.

Green ina vifupisho vingi, na anayeanza atahitaji subira kuvizoea. Mimi nimeshavizoea. Katika filamu ya ranchi ninayoishughulikia sasa nimeandika "sharobaro wa mjini", na mhariri aliponihoji, nilimfungulia nukuu za miaka ya 1880 azisome mwenyewe.