Presha ya kichwa: stenti au shanti?

Dada angu presha ya maji ya ubongo ndani ya fuvu iko juu: akiinama kufua tu macho yanaingia giza sekunde kadhaa, sindano ya mgongo ikasoma zaidi ya sentimita 25 za maji, akapewa asetazolamaidi, vidonge vya kupunguza hayo maji, vidole vikafa ganzi na soda ikawa na ladha ya chuma. Sasa tunaongelea hizi mbili.

Shanti ni mrija unaotoa maji ya ubongo hadi tumboni, na hapa Uganda si kitu kigeni, Mbale wamewekea watoto wenye kichwa maji miaka mingi. Macho yakiwa hatarini mi naiamini hiyo, inashusha haraka. Ila inaziba, au inaingia wadudu, unarudi tena tieta.

Stenti haigusi maji kabisa, ni kamrija ka waya kanapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka mshipa mkubwa wa damu nyuma ya kichwa, pale palipobana, kanapapanua damu ipite, na fuvu halitobolewi. Lakini pawe pamebana kweli, wanapima presha ya damu ndani ya mshipa upande huu na upande ule wa hapo palipobana, tofauti mara nyingi wanataka ianzie milimita 8 za zebaki, chini ya hapo hufai. Halafu unameza aspirini na klopidogreli miezi kadhaa, ukiruka ruka damu inaweza kuganda humo ndani, na dada angu huyu vidonge vya wiki jana nimevikuta kwa pochi havijaguswa.