Uzoefu wangu na vifaa vya kubadilishana mawasiliano kwenye makongamano ya mashabiki

Katika vifaa vyote vya kupeana mawasiliano nilivyowahi kuingia navyo kwenye makongamano ya mashabiki, kilichobaki shingoni mwangu hadi sasa ni beji ya wino wa kielektroniki inayoonyesha msimbo wa QR, ingawa haina mvuto wa kadi ya NFC, yaani yenye chipu inayosomwa kwa mawimbi ya redio ya karibu sana, ambayo ukiigusisha na simu ya mwenzako ukurasa hufunguka papo hapo. Nitaeleza sababu zake kwa ajili ya wanaofikiria kununua, hasa wale wanaovaa mavazi ya wahusika, kwa kuwa vingi vya vifaa hivi vilibuniwa kwa kumfikiria mfanyabiashara, na mahitaji yetu na yake hayafanani.

Mfanyabiashara ana mfuko wa koti, ana jina moja, na furaha yake ni kupigiwa simu. Shabiki aliyevaa vazi la mhusika mara nyingi hana mfuko hata mmoja, mikono yake imo ndani ya glavu, watu wanamfahamu kwa jina la mtandaoni lisiloandikwa kwenye kitambulisho chochote, na hana nia ya kumpa namba yake ya simu mtu waliyepiga naye picha dakika chache zilizopita. Anachohitaji ni picha zimfikie na mwenzake aweze kumpata tena. Kwa hiyo hata NameDrop, njia ya kupeana mawasiliano kwa kukaribianisha simu mbili ambayo Apple iliileta pamoja na iOS 17, mfumo wa simu zake, mwaka 2023, hainitoshelezi katika mazingira hayo: inahitaji pande zote mbili ziwe na vifaa vya Apple, na msingi wake ni kadi ya mawasiliano iliyomo kwenye simu, yenye namba na barua pepe.

Kadi, bangili na stika za NFC ndizo zinazouzwa kwa wingi, na kwa ndani ni kitu kilekile. Chipu yake haina betri. Hupata umeme kutoka kwa simu inayoisoma, kwa mawimbi ya megahezi 13.56, na umbali wa kusomeka ni sentimita chache tu. Kabla ya kununua, ulizia aina ya chipu badala ya kuvutiwa na rangi ya kadi. NTAG213 ina nafasi ya baiti 144, ambayo inatosha kiungo kimoja cha ukurasa wa mtandaoni na si zaidi sana. NTAG215 ina 504, na NTAG216 ina 888, ambayo inabeba kadi nzima ya mawasiliano katika mfumo wa vCard mradi usiweke picha. Hata hivyo nafasi hiyo kubwa ina kasoro ambayo wauzaji hawaisemi: simu nyingi za Android huisoma vCard iliyomo kwenye chipu bila shida, lakini iPhone, inapoisoma chipu yenyewe bila programu ya ziada, inatambua viungo na si vCard. Ukitaka kila mtu akusome, unalazimika kuweka kiungo, na kiungo kinahitaji intaneti, nayo intaneti ndiyo ya kwanza kukwama pale maelfu ya watu wanapopakia picha zao kutoka ndani ya ukumbi mmoja.

Kuna pia suala la mikono. Mtu usiyemjua anaizungusha simu juu ya kifundo cha mkono wako, anaibonyeza, anaigeuza, kisha anakutazama kana kwamba kosa ni lako, kwa sababu hajui antena ya simu yake iko wapi. Kwenye iPhone iko ukingo wa juu. Kwenye simu nyingi za Android iko mgongoni, lakini si mahali pamoja kwa kila aina. Akiwa na kava nene, au wewe ukiwa umeibandika stika juu ya ngao yenye bati au karatasi ya alumini, hakuna kitakachosomeka, maana metali huyaua mawimbi hayo. Zipo stika zenye tabaka la feriti zinazokusudiwa kubandikwa juu ya metali, nazo ndizo za kununua kwa mavazi ya aina hiyo.

Kadi niliyoianza nayo, ya kampuni ambayo sitaitaja, ilikuwa nzuri kwa macho, ila taarifa zangu zilikuwa kwenye seva yao, na muda wa matumizi ya bure ulipokwisha, nusu ya ukurasa wangu ilifichwa hadi nilipie kila mwezi. Ambao walitumia Bump, programu iliyowawezesha watu kupeana taarifa kwa kugonganisha simu, wanaujua uzito wa jambo hili: Google iliinunua kampuni hiyo mwaka 2013, na Januari 2014 huduma ikafungwa. Tangu hapo nanunua chipu tupu na kuziandika mwenyewe kwa programu ya bure, kisha nazifunga zisiweze kuandikwa tena. Usipoifunga chipu, yeyote mwenye simu anaweza kukiondoa kiungo chako na kuweka chake, na watakaogusa bangili yako watapelekwa anakotaka yeye.

Sasa beji yenyewe. Yangu haina betri. Inapokea picha na umeme kwa pamoja kutoka kwenye simu kupitia NFC, na kazi hiyo inataka subira, kwani simu lazima itulie mgongoni mwa beji huku kioo kikimetameta cheusi na cheupe, na mkono ukitikisika unaanza upya. Ikishaandikwa, picha hukaa bila umeme wowote. Taarifa zangu zote zimo ndani ya msimbo kama vCard, kwa hiyo kamera ya iPhone na ya Android zote humpa mtu nafasi ya kunihifadhi bila mtandao. Usijaze mambo mengi, kwani kila herufi inaongeza miraba ya msimbo, na miraba ikiwa midogo haisomeki kwa mbali. Na uache ukingo mweupe kuuzunguka msimbo. Taa kali za ukumbini haziisumbui kama zinavyosumbua kioo cha simu, ila gizani haina mwanga wake yenyewe.

Lakini kilichonifanya niipende zaidi ni sehemu ya vCard iitwayo NOTE, ambayo watu huiruka. Humo naandika jina la kongamano na mhusika niliyemvaa siku hiyo, na nikibadilisha vazi nabadilisha msimbo. Kwa njia hiyo anayefungua simu yake wiki mbili baadaye hakuti jina geni lisilo na sura, bali anasoma kwamba huyu ndiye yule mwenye upanga wa bluu na mabawa yaliyovunjika. Kadi iliyochapishwa haiwezi hilo, na kwa stika iliyofungwa ungelazimika kubandika mpya kila siku.

Kasoro yake kubwa ni faragha. Bangili inamlazimu mtu akukaribie na wewe umruhusu. Msimbo ulio kifuani unaweza kusomwa na yeyote mwenye kamera nzuri, na pia na yeyote atakayeiona picha yako mtandaoni hata baada ya miaka. Kwa hiyo ndani yake naweka barua pepe iliyofunguliwa kwa ajili ya mambo ya mashabiki tu, bila namba ya simu, na kamera inapoelekezwa kwangu naigeuza beji ionyeshe mgongo. Hapo kamba ya ndoano moja inafaa kuliko ya ndoano mbili, ingawa wakati mwingine inajigeuza yenyewe, na mtu anabaki akiskani plastiki tupu.