Nikon D7200 ya mtumba kando ya Ziwa Victoria: mwaka wa nne sasa

Aliyeniuzia alisema kwenye simu kwamba lenzi "iko safi, kama imetoka kwenye boksi leo". Ilipofika Mwanza kwa basi niliipeleka dirishani, nikawasha tochi ya simu na kuimulika kwa nyuma. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe, kama utando wa buibui aliyeanza kazi halafu akaghairi. Fangasi. Nilipompigia jamaa, simu iliita mpaka ikakatika. Kwa hiyo leo ukinikuta na mtu anayetaka kuniuzia lenzi, utaniona naimulika kwanza kabla hata ya kuuliza bei.

Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa bahati ilikuwa nzima. Ni Nikon D7200, kamera iliyotoka mwaka 2015, megapikseli 24, sehemu mbili za memori kadi. Nililipa milioni moja na laki moja pamoja na ile lenzi iliyooza. Niseme mapema kwamba sipigi harusi wala sina studio. Siku za kazi natafuta riziki kwingine kabisa, kamera ni ugonjwa wangu wa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo pima maneno yangu kwa kipimo hicho.

Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anitumie picha moja iliyopigwa siku hiyohiyo, faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye kamera, si lile linalobanwa na WhatsApp. Ndani ya faili hilo huwa kuna idadi ya mara ambazo shata (pazia la ndani linalofunguka na kujifunga kila unapopiga) imefyatuka, na zipo programu za bure za kuisoma. Yangu ilikuwa imefyatuka kama mara elfu 41. Nikon waliijaribu shata ya modeli hii hadi mara 150,000, kwa hiyo nikaona bado ina maisha. Hapo jamaa hakunidanganya, labda kwa sababu hakujua kwamba namba hiyo inaonekana.

Kilichonifanya niichague hii badala ya Nikon D5300, iliyokuwa na bei nafuu, ni mota ya fokasi, ile inayozungusha lenzi mpaka picha iwe kali, iliyomo ndani ya bodi. Lenzi za zamani za Nikon zenye herufi D hazina mota zao zenyewe. Ukiifunga mojawapo, kama 50mm f/1.8D, kwenye D3300 au D5300, fokasi utaizungusha kwa mkono. Kwenye D7200 inajivuta yenyewe, kwa kelele kidogo kama cherehani, lakini inafika. Watu wengi hapa mjini wananunua bodi mpya wanaishiwa, kisha wanabaki na lenzi ya kuja nayo miaka mitano. Mimi ningesema fanya kinyume: bodi iwe ya mtumba, pesa iende kwenye lenzi.

Nilianza na tamaa ya lenzi ndefu. Nilinunua 70-300mm VR (VR ni mfumo wa kutuliza mtikisiko) kwa ajili ya ndege, na kwa kweli mdiria wale wa madoa meusi na meupe ni zawadi kwa mpiga picha anayejifunza: wanasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa kimetulia, wanakupa sekunde kadhaa kabla ya kujitupa. Weka shata 1/2000 ya sekunde na uwe na subira. Ila nilipohesabu picha ninazozipenda, nyingi zimepigwa kwa kalenzi kadogo ka 35mm f/1.8, gramu 200, kanaingia mfuko wa koti. Ziwa letu picha zake ni za watu, na watu hawapigwi vizuri ukiwa umejificha mita hamsini nyuma ya lenzi ndefu kama bomba.

Nikupe mfano wa Igombe, ufukwe wa wavuvi hapa Mwanza. Asubuhi dagaa wametandazwa mchangani, jua limeshapanda kidogo, ufukwe wote unang'aa kama bati jipya. Mama mmoja ameinama anawageuza. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, akacheka namna ninavyolitamka, akaniruhusu. Nikapiga, nikatazama kioo cha nyuma: dagaa wametoka kijivu na uso wa mama ni kivuli kitupu. Kamera haikuharibika. Kipimo chake cha mwanga huona weupe mwingi na kudhani mwanga umezidi, basi kinaupunguza. Dawa ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: ongeza +1, na kama jua liko mgongoni mwake ongeza hata +1.7. Dagaa wa nyuma waache waungue kidogo, hawatalalamika. Uso wa mtu mweusi ukiupiga gizani halafu ukaja kuunyanyua kwenye kompyuta, unatoka na chembechembe na rangi ya majivu.

"Hebu nione," mama akasema. Nikamwonyesha ya pili. "Sasa mwanangu, hiyo ndiyo mimi. Ile ya kwanza ulimpiga nani?"

Machweo ni kinyume chake, shusha -1 ili rangi zisipauke. Hapa jua linazama karibu saa moja kasoro dakika kumi, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta linashuka wima, haraka. Ukifika Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani hapa mjini, saa moja kasoro dakika tano ukiwa bado unafungua begi, umechelewa. Nenda kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na usiondoke jua likishapotea. Yale robo saa ya baadaye, mawe yanapogeuka zambarau, ndiyo mimi huyapenda zaidi.

Kwenye kivuko cha Kamanga nilipoteza picha nyingi sana kabla ya kuelewa kosa langu. Nilikuwa naegemea chuma cha pembeni nikidhani kinanisaidia kutulia, kumbe mtetemo wa injini unapanda kupitia chuma, unaingia kwenye viwiko, unaingia kwenye kamera. Simama katikati, magoti yalegee kidogo, shata isishuke chini ya 1/500. Ile 70-300 ina swichi ya VR imeandikwa Normal na Active. Active ndiyo ya kwenye chombo kinachotembea. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani siku hiyo.

Stendi ni ya usiku, ukiwa nchi kavu. Mitumbwi ya dagaa huvua wakati wa giza, maana mbalamwezi inashindana na taa, kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kupanga safari. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za sola ni nyingi na mwanga wake ni mweupe zaidi. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600, shata wazi sekunde mbili au tatu. Nilijaribu sekunde 20 nikapata michirizi kama ya mtoto aliyepewa kalamu, kwa sababu mtumbwi haukai sehemu moja.

Utunzaji: unyevu wa ziwa ndio ulioila ile lenzi ya kwanza au unyevu wa kwingine, sijali, mimi naweka zangu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na pakiti za silika jeli ndani. Mchele usiweke, una unga. Wala usibadilishe lenzi wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kama moshi. Nilishawahi kumkuta mmoja amekaa juu ya kioo cha ndani, ametulia kama amelipa kodi.

Mapungufu yake sitayaficha. Kioo cha nyuma hakigeuki, ukitaka picha ya chini unalala mchangani. Ukipiga kwa kutazama kioo hicho badala ya tundu la jicho, fokasi inakwenda na kurudi mpaka mtu anachoka kutabasamu. Video yake inaishia 1080p, hakuna 4K, basi kama unatafuta hela za video za harusi usihangaike nayo. Na ni nzito. Betri, kwa upande mwingine, nachaji Ijumaa na kusahau.

Jambo moja zaidi kuhusu watu. Ninaowapiga nawasafishia picha za karatasi na kuwarudishia. Kuna mvuvi wa palepale Igombe ambaye yake ameibandika mlangoni. Juzi kanipigia simu akitaka nije tena na kamera, kwa sababu mtumbwi umepakwa rangi mpya na ile picha, anasema, inamdhalilisha.