Kipimo cha usugu wa dawa ya saratani ya damu: huduma ya maabara moja ya Upper Hill

Mgonjwa wa saratani ya damu aina ya CML ambaye kipimo chake cha BCR-ABL (jeni isiyo ya kawaida inayoendesha saratani hiyo) kimeanza kupanda ilhali bado anameza imatinib, dawa ya kuidhibiti, anahitaji kujua sababu kabla ya kubadilishiwa dawa, na maabara ya binafsi ya Upper Hill, Nairobi, tuliyoelekezwa na daktari wa shangazi yangu inaifanya kazi hiyo kwa umakini, ingawa ina kasoro ambazo sitazificha.

Kilichonifurahisha zaidi ni mtaalamu aliyemtoa shangazi damu. Kabla ya kushika sindano alimuuliza, "Mama, kuna siku unaruka dozi? Unatumia dawa za kifua kikuu?" Rifampicin, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huchochea ini livunje imatinib upesi, kiwango cha dawa mwilini kikashuka, na saratani ikaonekana sugu hali dawa haikufika kwa kiasi kinachotosha. Katika jiji lenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu kama Nairobi, swali hilo lastahili kuulizwa kila mahali. Damu iliwekwa katika vichupa vyenye vifuniko vya zambarau na kupelekwa ndani papo hapo, kwa kuwa RNA inayopimwa, yaani nakala ya ujumbe wa jeni, huharibika haraka.

Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hujipachika ndani ya protini ya BCR-ABL na kuizuia isiendelee kuamrisha seli zizaliane. Seli ambayo jeni yake imebadilika mahali hapo huponyoka, na aina ya badiliko ndiyo inayoamua dawa itakayofuata: badiliko liitwalo T315I hushinda imatinib na dawa mbili za kundi lake, dasatinib na nilotinib, pamoja, hivyo daktari hutazama ponatinib au asciminib, F317L huikwepa dasatinib, na hapo nilotinib hufaa zaidi. Shangazi alipatikana na Y253H, ambayo huipunguzia nguvu nilotinib, kwa hiyo akaanzishiwa dasatinib. Bila kipimo hiki tungekuwa tunabahatisha kwa dawa ghali, na muda wa mgonjwa ukipotea haurudi.

Mapokezi, kwa upande wake, yanahitaji kurekebishwa. Majibu yalichelewa kupita siku tuliyoahidiwa, nasi tukawa tunaambiwa turudi kesho bila maelezo. Tena ripoti haisemi kwamba mbinu ya Sanger (ya kusoma mpangilio wa jeni) wanayoitumia kwa kawaida haioni badiliko lililo katika chini ya takriban asilimia 15 hadi 20 ya nakala za jeni hiyo, jambo ambalo mtu aliyeandikiwa "hakuna badiliko" ana haki ya kulijua.

Hata hivyo, ningempeleka mgonjwa wangu huko tena. Anayekwenda abebe orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na aombe asilimia ya BCR-ABL iandikwe kwa kipimo cha kimataifa (International Scale, IS), ili daktari aweze kuilinganisha na majibu ya maabara nyingine.