Trela la kulala na kubeba pikipiki: anza na kibati cha uzito, vitanda baadaye

Karatasi ya mauzo ya trela huanza na vitanda, jiko na bafu. Wewe anza na kibati kilichobandikwa ubavuni mwa trela, upande wa mbele karibu na mkono wa kuvutia. Hapo pameandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa trela likiwa tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia. Kwa anayesafiri na pikipiki, namba hiyo ndiyo inayoamua kama trela linafaa au halifai, hata kama ndani linang'aa namna gani.

Chukua trela lenye kikomo cha kilo 3,200 na uzito mtupu wa kilo 2,400. Zimebaki kilo 800, na kwa mtu anayetazama tu zinaonekana nyingi. BMW R 1250 GS ikiwa na mafuta ina kilo 249. Pikipiki mbili za namna hiyo ni kilo 500. Tangi la maji la lita 150 likijaa ni kilo 150 nyingine. Sasa una kilo 150 za mitungi ya gesi, betri, viti, vyombo, chakula, nguo, spana na helmeti. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: ule uzito mtupu mara nyingi umepimwa bila betri, bila gesi, na bila nyongeza kama kiyoyozi cha pili au kivuli cha nje. Omba karatasi ya mzani ya trela hilohilo unalonunua, si ya toleo kwa jumla.

Kwa pikipiki kubwa za safari hesabu hukaza zaidi. Honda Gold Wing za miaka ya karibuni huwa na kilo 365 hadi 390 hivi kutegemea toleo, hivyo mbili zinakaribia kilo 800 kabla hujaweka hata sufuria. Za motokrosi zenye injini ya cc 450 ni kilo 110 hivi kila moja, na tatu bado ni nyepesi kuliko Gold Wing moja. Kwa hiyo swali la "trela la pikipiki ngapi" halina maana mpaka useme ni pikipiki gani.

Uzito unapokaa

Hapa ndipo matrela mengi mazuri huharibikia. Trela tulivu barabarani ni lile ambalo asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote inakandamiza ndoano ya gari. Ikishuka chini ya 10, nyuma ya trela huanza kuyumba kama mkia, na yumbo hilo hukua kadiri mwendo unavyopanda. Ikipita 15, nyuma ya gari inainama, mbele inakuwa nyepesi na usukani unapoteza uzito wake mikononi.

Matrela mengi ya aina hii yana chumba cha pikipiki nyuma, yaani nyuma ya ekseli. Pikipiki inapoingia hufanya kazi ya bembea: inashusha nyuma na kuinua mbele. Fuata hesabu ya lile trela la kilo 2,400. Tuseme likiwa tupu linakandamiza ndoano kwa kilo 370, yaani asilimia 15. Pikipiki mbili za jumla ya kilo 500 zimekaa mita 1.5 nyuma ya ekseli, na ndoano iko mita 5 mbele ya ekseli. Mara 500 kwa 1.5, gawanya kwa 5, unapata 150. Mbele kumepungua kilo 150, zimebaki 220. Trela sasa lina kilo 2,900, hivyo ndoano inabeba asilimia 7.6 tu. Hilo litayumba.

Dawa yake ni mzigo wa mbele. Tangi la lita 150 lililoko mita 2 mbele ya ekseli likijaa huongeza kilo 60 kwenye ndoano. Mizigo ya kilo 100 kwenye kabati la mbele kabisa, mita 3 kutoka ekseli, huongeza 60 nyingine. Sasa ni 340 kwa trela la kilo 3,150, karibu asilimia 10.8. Umefika, lakini bila akiba. Mkioga mpaka tangi likaisha unarudi kwenye asilimia 9.3, na kama tangi la maji machafu liko nyuma ya ekseli, maji yale yale yamehama kutoka upande unaokusaidia kwenda upande unaokuumiza. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: matangi yako wapi? Safi mbele ya ekseli, machafu juu ya ekseli au karibu nayo, hilo ni trela lililofikiriwa. Kabla ya kuondoka kambini mwaga maji machafu kwenye sehemu yake, jaza safi.

Kilo za ndoano pia zinaliwa kwenye uwezo wa gari lenyewe. Pikapu iliyoandikwa kwenye kibati cha mlango wa dereva kuwa inabeba kilo 650, ukitoa 340 za ndoano, imebakiwa na 310. Watu wazima wanne wanazimaliza. Watu husoma namba ya "inavuta tani tatu na nusu" wakaridhika, kumbe gari limeshazidiwa ekseli ya nyuma kabla ya kufika namba hiyo.

Mizani ya malori inakupa ukweli wote kwa mapito mawili. Pita kwanza na gari peke yake likiwa na abiria, mafuta na mizigo yake. Kisha pita na trela limefungwa, kila kitu kimepakiwa, huku magurudumu ya gari yakiwa kwenye sahani moja na ya trela kwenye nyingine. Uzito wa gari ulioongezeka kati ya pito la kwanza na la pili ndio mzigo wa ndoano. Ukiujumlisha na ule wa magurudumu ya trela, umepata uzito wa trela zima. Ikiwa gari lina vyuma vya kusambaza uzito, vilegeze kwa pito hilo, maana vinahamisha kilo na kuficha namba halisi.

Aina, na ipi inafaa

Trela bapa lisilo na paa ndilo jepesi, linavutwa hata na gari dogo, na kwa safari ya siku mbili tatu za kulala hotelini au hemani halina mpinzani. Yapo yanayokunjwa na kusimamishwa wima ukutani, kama ya Kendon, mazuri kwa mwenye nafasi finyu. Ubaya wake ni vumbi, mvua na macho ya wezi.

Trela la sanduku lililofungwa, ambalo watu hutia kitanda cha kukunja na betri, ni chaguo ninaloliheshimu. Chuma ni kingi, samani ni chache, uwezo wa kubeba ni mkubwa. Lakini hakikisha lina madirisha au matundu ya hewa kabla ya mtu kulala humo.

Trela la nyumba kamili lenye chumba cha pikipiki nyuma, ekseli mbili, urefu wa mita 6 hadi 7 na nusu, ndilo pendekezo langu kwa watu wawili wenye pikipiki mbili za hadi kilo 250 na safari ya wiki nzima au zaidi. Kwa Gold Wing mbili na familia, nenda moja kwa moja kwenye trela la kuegemea bodi la pikapu, ambalo mzigo wake unakaa juu ya ekseli ya gari badala ya kuning'inia nyuma ya bampa. Linatulia vizuri sana barabarani, ila asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake inakaa mgongoni mwa pikapu, na pikapu ya kawaida haiuwezi.

Ninalolikataa bila kusita ni trela dogo la ekseli moja lililochomelewa kibebeo cha pikipiki kwenye bampa la nyuma. Pikipiki ya kilo 110 ikining'inia mita 3.5 nyuma ya ekseli, na ndoano ikiwa mita 4 mbele, inaondoa kilo 96 kwenye ndoano. Kwa trela la kilo 1,000 hizo ndizo kilo zote za utulivu ulizokuwa nazo.

Rampu, sakafu na mikanda

Pima chumba kwa futi kamba, usikubali neno "inaingia". Pikipiki kubwa ya safari ina urefu wa mita 2.5 hivi na hendeli zake hufika karibu mita moja. Mbili zikikaa sambamba, moja itazame mbele na nyingine nyuma ili hendeli zipishane. Tazama pia matao ya magurudumu ya trela, maana hula upana pale pale unapotaka kusimama na kufunga mkanda.

Sakafu ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini na rampu ina mita 2, mwinuko ni nyuzi 17 na nusu. Rampu ya mita 2.4 inashusha mwinuko hadi 14 na nusu, na tofauti hiyo unaisikia begani. Pikipiki fupi za kitumbo cha chini hukwaruza pale rampu inapokutana na sakafu. Egesha ili nyuma ya trela itazame ardhi inayopanda kidogo, pembe itapungua. Na usipakie trela likiwa halijafungwa kwenye gari: pikipiki inapopita nyuma ya ekseli inaweza kuinua mkono wa mbele mzima. Shusha jeki za nyuma wakati wa kupakia, zipandishe kabla ya kuondoka.

Lala chini uangalie pete za kufungia kutoka upande wa chini wa sakafu. Bolti inatakiwa ipite kwenye fremu ya chuma, au iwe na bamba pana la chuma upande wa chini. Iliyoshikiliwa na skrubu kwenye plaiwudi tupu ni pambo. Breki kali inaweza kuisukuma pikipiki ya kilo 250 mbele kwa nguvu ya kama kilo 200, na plaiwudi iliyonyonya maji haitazuia hilo.

Kufunga kwenyewe: gurudumu la mbele liingie kwenye kishikio chake, pikipiki isimame wima bila stendi ya pembeni, kwa sababu stendi hiyo hutoboa sakafu au kupinda ikikandamizwa. Vitanzi laini vya kitambaa vizungushwe kwenye daraja la chini la foku (miguu yenye springi inayoshika gurudumu la mbele), kamwe si kwenye hendeli. Mikanda miwili ivute mbele na pembeni, miwili ya nyuma ishike fremu. Kaza kushoto na kulia kwa zamu mpaka foku ishuke nusu ya safari yake. Ukikaza mpaka mwisho, sili za mafuta zinaumia. Ukilegeza mno, kwenye tuta foku inashuka, mkanda unapoteza mkazo, ndoano ya mkanda inachomoka, na pikipiki inalala juu ya mwenzake. Mikanda ya nailoni hurefuka ikilowa, ya poliesta hutulia. Simama baada ya kilomita 30 hivi ukaze tena.

Chini ya trela

Springi za bamba ni rahisi kutengeneza popote, na kwa ekseli mbili zina kiungo kinachogawana mzigo barabara ikiwa na mashimo. Ekseli za mpira ni tulivu na hazina bushi za kupaka grisi, lakini zikiwa mbili lazima trela livutwe likiwa sawa kabisa na ardhi. Likiinua pua, ekseli ya nyuma inabeba kuliko ya mbele na tairi zake zinaisha mapema.

Tairi za trela nyingi hufa kwa umri, kashata zikiwa bado nzuri. Kwenye tairi zenye alama ya DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2321 ni wiki ya 23 ya 2021. Zikifika miaka 5 hadi 6 badilisha. Zile zenye herufi ST, yaani tairi maalum za trela, zisipoandikwa kiwango kingine cha mwendo, usizipitishe kilomita 105 kwa saa. Nati za magurudumu zikaguliwe kwa spana ya kupimia mkazo baada ya kilomita 80 za kwanza, na kila gurudumu linapofunguliwa. Beringi zitiwe grisi mara moja kwa mwaka. Ukisimama kujaza mafuta, sogeza kiganja karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu: moja ikiwa moto kuliko wenzake, beringi au breki yake ina shida.

Kwa uzito huu taka breki za umeme zenye kidhibiti ndani ya gari. Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uliotulia, na bonyeza breki ya trela peke yake kwa mkono. Breki ya gari ikikanyagwa kwa nguvu inafanya trela lisukume mkia zaidi.

Petroli na pumzi

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni. Chumba cha pikipiki kinatakiwa kuwa na matundu chini karibu na sakafu na mengine juu. Ukuta wa kukitenga na sehemu ya kulala ni bora sana kuliko pazia. Funga koki ya mafuta kama ipo, zima moto wa friji ya gesi kabla ya kuingiza pikipiki, na uhakikishe king'ora cha gesi kiko chini, cha kaboni monoksaidi kipo na kinalia ukikibonyeza.

Kwa trela lililotumika, bonyeza sakafu kwa kisigino kwenye pembe zote, hasa mlangoni na mahali rampu inapoungana na sakafu. Panapobonyea, mbao zimeoza. Gonga kuta za fiba kwa kifundo cha kidole; sauti tupu na uvimbe ni tabaka zilizoachana kwa maji. Panda ngazi uangalie gundi ya kiyoyozi na pembe za paa. Kisha omba kupandisha pikipiki yako mwenyewe, uifunge, ufunge mlango wa rampu, na upime urefu wa mkono wa trela kutoka ardhini kabla na baada.