Chakula cha paka Mombasa: kipi kitangulie, kipi kiachwe dukani

Paka ni mla nyama, hana hiari. Taurini, kirutubisho cha moyo na macho yake, mwili wake hautengenezi ya kutosha, na kwenye mahindi au mchele haimo. Ikikosekana kwa muda mrefu, moyo hudhoofika na macho hupofuka. Ugali kwa mchuzi wa samaki humshibisha tu.

Juu kabisa naweka chakula cha majimaji, cha kopo au pakiti. Paka hahisi kiu upesi, na chakula hiki asilimia 75 hadi 80 ni maji, ilhali kikavu kina kama 10 tu. Kwa joto la Februari hapa kwetu, hilo si jambo dogo, hasa kwa dume: mkojo ukimziba ni wa kukimbizwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Ubaya wake ni bei, na kikikaa sahanini mchana huchacha upesi. Tena soma pakiti. Iliyoandikwa complete ni mlo kamili; complementary ni kitoweo cha kuongezea, hata jodari (tuna) awe anang'aa namna gani pichani.

Cha pili ni kikavu cha mfuko uliofungwa, na kwa nyumba nyingi ndicho ningenunua, kisha nikiongezee pakiti ya majimaji kadiri uwezo unavyoruhusu. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, vinataka protini isiyopungua asilimia 26 ya uzito mkavu, yaani maji yakiondolewa, kwa paka mzima, 30 kwa anayekua. Mimi hutaka pia nyama au samaki atajwe kwa jina, tena mwanzoni mwa orodha.

Cha kupika nyumbani nakipa nafasi ya tatu, kwa siku chache za wiki. Chemsha vibua, maana baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1, kisha toa miba. Mioyo ya kuku ina taurini nyingi, ila huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, basi mpe na supu yake. Kitunguu na saumu marufuku: huharibu damu. Maini yasiwe ya kila siku, vitamini A ikizidi huumiza mifupa. Na nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha.

Kikavu cha kupimwa kutoka gunia lililo wazi sikipendi. Unyevu wa pwani hukilainisha, mafuta huchacha, na tarehe huioni.

Cha mwisho ni chakula cha mbwa, hata kikiwa rahisi: hakikuundwa kwa mahitaji ya paka. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wazima wengi.

Ukibadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku 7 hadi 10. Akikataa kula siku nzima, usimngojee njaa imkomeshe. Paka asiyekula, ini lake hujaa mafuta, hasa akiwa mnene. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.