Presha kuka ya umeme: miezi saba jikoni kwangu Mbagala

Januari ilipoisha mwaka huu nilibakiwa na shilingi 212,000. Haikuwa mtaji wala ada ya mtoto, na hakuna aliyekuwa ananidai. Ilikuwa imebaki tu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mwezi ambao nyumba nyingine zinalia ukata ndio mwezi ninaoshona hadi saa sita usiku. Nikaamua hela ile isiyeyuke kwenye vocha na soda. Nikaenda Kariakoo kununua presha kuka ya umeme. Nembo siitaji, maana ninazo kasoro za kueleza na sitaki kumharibia mtu biashara. Hata hivyo nimepikia na ya wifi yangu, ya nembo nyingine, na kazi yake ni ileile.

Kabla ya chungu chenyewe niseme kidogo kuhusu hela inayobaki, kwa sababu nimeijua nikiwa kwenye kiti cha cherehani. Ada kwenye shule za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini sare haikufutwa. Mzazi mwenye nafasi ananiambia, "Fundi, nishonee jozi mbili." Asiye nayo anashonesha moja, ananiomba mabega niyaachie na pindo la sketi liwe refu ili mwakani alifungue. Basi mtoto anavaa nguo ya mwaka kesho, inamning'inia. Na jozi moja inafuliwa kila jioni, inavaliwa kila asubuhi, ikifika Agosti makalio yamekwisha na mzazi amerudi kwangu. Wa jozi mbili simwoni mpaka Januari nyingine. Nimeyaona haya miaka tisa. Anayenunua moja anaishia kunilipa zaidi ya anayenunua mbili, na hesabu anaijua vizuri kuliko mimi. Siku ile anakuwa na hela ya jozi moja mfukoni, basi.

Kwenye mkaa mimi ndiye nilikuwa yule wa jozi moja.

Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Tulikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa chai, ugali na vya kukaanga. Maharage, makande na nyama ngumu vilikuwa vya mkaa, kwa sababu ukivipikia gesi mtungi unakwisha kabla ya mwezi kufika katikati. Mkaa nilikuwa nanunua kwa kopo, shilingi 2,000, makopo matano kwa wiki. Kwa mwezi ni 40,000. Gunia zima lingeniteremshia gharama, ila gunia linataka 75,000 kwa mkupuo na sehemu pakavu pa kuliweka.

Niliyonunua ni ya lita 6, wati 1,000, kwa shilingi 145,000. Ya lita 4 ilikuwa 110,000. Mwenye familia ya watu watano kwenda juu asidanganyike na hiyo ndogo. Chungu cha presha hakijazwi kupita theluthi mbili, na kwa maharage usipite nusu kwa sababu yanavimba na kutoa povu, kwa hiyo lita 6 za kwenye boksi kwa maharage ni lita 3. Dukani nilimwambia muuzaji, "Kaka, chomeka niione." Akatia maji vikombe viwili, akafunga kifuniko, tukasubiri mpaka kile kipini cha kwenye kifuniko kikapanda na mvuke ukaacha kuvuja pembeni. Usiondoke dukani bila kufanya hivyo. Kifuniko kisichokaa sawa kinajulikana palepale, na ukishafika Mbagala kumrudia mtu Kariakoo ni nauli mbili na siku nzima ya kazi.

Sasa kazi yake. Nilizima friji na pasi, nikaangalia salio la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nikapika nusu kilo ya maharage makavu ambayo hayakulowekwa, dakika 45 baada ya presha kupanda. Nikaangalia tena salio. Zilikwenda unit 0.4. Nilirudia mara tatu kwa siku tofauti, tofauti ilikuwa ndogo sana. Sisi tunapita unit 75 kwa mwezi kwa sababu ya cherehani ya umeme, pasi na friji, hivyo unit moja inatufikia kama shilingi 356 pamoja na VAT na makato ya REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (wasimamizi wa huduma za nishati na maji). Maharage ya nyumba nzima kwa shilingi 142! Kwa mkaa yalikuwa yanamaliza karibu kopo zima, na saa mbili za kukimbia kutoka kwenye cherehani kwenda kuongeza maji yasiungue. Makande yanachukua kama saa moja. Makongoro, ambayo zamani tulikula sikukuu tu, ni saa moja na kidogo na nyama inaachana na mfupa.

Kinachofanya hivyo hakina muujiza. Mvuke umefungiwa, joto la maji linapanda kupita nyuzi 100, na chungu kimezungukwa na kuta zinazolishikilia joto. Ukisikiliza utajua kuwa umeme unajizima, unarudi kidogo, unajizima tena. Ndiyo maana wati 1,000 kwa dakika 45 hazili umeme kama unavyodhani. Siku moja umeme ulikatika dakika ya thelathini. Sikugusa kitu, nikaacha kifuniko kimefungwa, na baada ya nusu saa nilikuta maharage yanalika.

Hesabu ya mwezi sasa iko hivi: mkaa kopo moja kwa wiki, wa chapati na mahindi ya kuchoma, 8,000. Umeme ulioongezeka ni kama unit 14, yaani 5,000. Kutoka 40,000 tumeshuka hadi 13,000. Zile 27,000 zilirudisha bei ya chungu katikati ya Julai.

Lakini cha kwanza kubadilika kilikuwa sahani, kabla ya hela. Zamani nilikuwa nayakwepa maharage. Kilo ilikuwa nafuu, mkaa wake ndio ghali, kwa hiyo nilinunua dagaa na mchicha, vitu vya robo saa. Nilikuwa nachagua chakula kwa moto wake. Sasa tunakula maharage mara tatu kwa wiki na kunde mara moja, na mtoto wangu wa mwisho ameacha kuniuliza saa kumi na moja jioni tutakula saa ngapi.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni mpira wa kwenye kifuniko. Unanyonya harufu. Ukipika pilau Jumapili, uji wa Jumatatu unanukia binzari hata ukiusugua mpira kwa limau na kuuanika juani. Dawa yake ni kuwa na mipira miwili, mmoja wa vyakula vyenye viungo. Dukani niliponunua hawakuwa na wa ziada, nilizunguka maduka matatu mpaka nikaupata kwa 8,000. Ulizia mpira kabla hujalipia chungu. Bila mpira huo presha haipandi, na 145,000 yako inakuwa sufuria yenye waya.

Ya pili ni vitufe. Vyote Kiingereza. Mama mkwe ndiye anayepika mchana mimi nikiwa na wateja, na mwezi wa kwanza alikuwa akinisubiri nimbonyezee. Inauma kumwona mtu mzima aliyelea nyumba hii anasimama mbele ya chungu kama mgeni. Nikakata vipande vya utepe mweupe, nikavitarizi kwa uzi mwekundu MAHARAGE, NYAMA, WALI, ZIMA, nikavigandisha juu ya vitufe. Mtengenezaji anayetaka kuuza Tanzania angeweza kufanya hivyo kiwandani kwa gharama ndogo kuliko uzi wangu.

Ya tatu ni mchuzi. Hakuna maji yanayopotea, kwa hiyo maharage yanatoka na maji mengi, mepesi. Mama anasema ya mkaa ni matamu zaidi, na kwa hilo sibishani naye. Ninachofanya: yakiiva nafungua, natia tui na kitunguu nilichokaanga, nabonyeza kitufe cha kukaangia na kuacha kifuniko wazi dakika kumi. Yanakuwa mazito. Moshi wa mkaa hayapati, na kwa kifua cha mama sioni hasara.

Ya nne ni soketi. Usiichomeke kwenye ekstensheni ya bei rahisi. Yangu ya cherehani iliyeyuka mdomo wiki ya kwanza. Ichomeke ukutani.

Na isikudanganye kwamba inafuta majiko mengine. Ugali hauwezi, chapati haziwezi, samaki wa kukaanga hapana.

Mwezi wa kwanza zile 27,000 sikuziona. Zilikwenda, sijui wapi, kwa sababu niliziacha zichanganyike na hela ya matumizi. Kuanzia Aprili kila Jumamosi natia 6,500 kwenye kibubu, kana kwamba namlipa muuza mkaa. Juni tulikivunja tukampeleka mama kupima macho na kumnunulia miwani. Alikuwa anaihitaji miaka minne, na miaka minne yote hatukuwahi kusema kwamba hatutamnunulia. Tulikuwa tunasema mwezi ujao.

Sasa nije kwa jirani yangu, anayekaanga vitumbua pale kituoni. Alipoona daftari ninaloandikia hesabu hizi hakuhitaji kushawishiwa. Aliniambia, "Shoga, elfu mbili ninayo kila siku. Laki na nusu sijawahi kuwa nayo siku moja." Nimelifikiria sana neno lile. Kwa mwezi yeye anaunguza mkaa wa 60,000, wa biashara na wa nyumbani. Kwa mwaka hela hiyo inanunua vyungu vinne na chenji inabaki. Lakini inamjia vipande vipande, na kila kipande kina mdomo unaokingoja: wa mwenye nyumba, wa mtoto, wa unga wa kesho.

Halafu kuna LUKU. Anayebaki chini ya unit 75 kwa mwezi anauziwa unit kwa shilingi 100, ikifika na makato ni 122. Jirani yangu peke yake na taa mbili na televisheni hafikishi hata 25. Ila anakaa nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, wapangaji wote wanachanga, jumla inapita 75, basi wote wananunua kwa bei kama yetu sisi wenye friji. Na kwenye mkataba wa chumba mama mwenye nyumba ameandika: hakuna kupikia umeme. Simlaumu. Ameona koili za umeme zinavyokula unit na wapangaji wakagombana.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Nautaka ufanikiwe kwa moyo wangu wote. Nimekohoa moshi tangu utotoni, mama mkwe amekohoa zaidi. Na ndiyo sababu nasema wazi kwamba chungu hiki, kizuri kama kilivyo, leo kinamfaa mwenye mita yake na mwenye hela iliyobaki. Wenye maduka wakikubali kulipwa elfu kumi kumi, nitawapelekea wateja mtaa mzima.

Kwa sasa tunajisaidia. Tangu Mei jirani analeta kilo yake ya maharage kila Alhamisi, tunayapika kwa awamu mbili, ananipa shilingi 300 ya umeme. Mwanzoni nilizikataa. Akasema nisipozipokea hatakuja tena, nikazipokea. Julai tukaanzisha mchezo wa kuchangiana hela, wanawake sita, 25,000 kila mwezi, zamu kwa kupiga kura. Yeye ameangukia mwezi wa tatu, Septemba.

Ikabaki mama mwenye nyumba. Tulimwendea wawili, tukamsalimia, tukamweleza. Akasema, "Wanangu, mimi maneno ya umeme nimeyasikia sana. Nitakuja nione." Jumamosi akaja, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja kwenye mita yetu na kusoma salio kwa sauti. Tukatia makande, kilo nzima. Alikaa hadi yalipoiva, akaonja, akaomba chumvi, akarudi kwenye mita akasoma tena. Akatoa karatasi ya mkataba kwenye khanga, akamwambia jirani yangu ampe kalamu. Pale palipoandikwa hakuna kupikia umeme ameongeza kwa mkono wake: isipokuwa chungu cha presha, kimoja, na kisiwake pamoja na pasi.